Sifuri ya Itundwa

Kompyuta ya Mwalimu Mihayo ilifika chamani Jumamosi asubuhi, imefungwa kwa shuka na kupakiwa kwenye toroli. Aliyeisukuma toroli ile ni binti yake, Kabula.

"Baba amesema msiifungue kabla hajafika," alisema Kabula huku akihema. "Mimi nawaambia fungueni tu. Atakuwa ameshasahau."

Chama kilikuwa na watu watano, na chumba chao ni kile ambamo zamani posta ya Tabora ilihifadhi vifurushi. Hawakuwa na kazi nyingine pale zaidi ya kufufua vitu ambavyo dunia ilishavipa kisogo: kompyuta zenye feni, redio za betri, drili za waya, taipureta mbili. Mjini watu walishazoea kusema na ukuta na ukuta ukawajibu. Mtoto wa shule akionyeshwa kibodi huuliza ni ya kupigia nyimbo gani.

Nyamizi Kasanda ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, fundi wa koki aliyestaafu mapema. Alikipenda chumba kile kwa sababu hakuna aliyemuuliza anajisikiaje. Swali hilo hakuwa na jibu lake. Mumewe alipofariki alipika, akapokea wageni, akakunja mikeka, na wiki iliyofuata akarudi kazini. Mawifi walisema ana moyo wa jiwe. Haikuwa hivyo. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu; unaugusa, unaona kabisa kwamba ni wako, lakini hausemi kitu.

Walipoifungua, vumbi lilitoka kama unga. Lufungulo, mwenyekiti wa chama, mzee mwembamba aliyewahi kuwa fundi redio, alipuliza kwa pampu ya baiskeli na kuanza kucheka peke yake.

"Mnakumbuka ule mlio? Unabonyeza, inapiga pii moja, moyo unatulia. Ikipiga pii tatu, siku yako imeharibika."

"Na feni yake ikianza kukoroma," mwingine akadakia, "unaipiga kofi ubavuni, inanyamaza kama mtoto."

Saa nne Mwalimu Mihayo aliingia, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Aliwasalimia wote kwa kichwa kwa sababu majina yalikuwa yakimponyoka. Lakini vidole vyake havikuwa vimesahau chochote. Alipitisha kimoja juu ya ubao mkuu wa kompyuta, akagonga kwa ukucha. "Hizi kapasita saba zimevimba vichwa. Toa zote. Usibakize hata moja kwa huruma."

Ndiye aliyemfundisha Nyamizi kushika chuma cha kuchomelea, miaka sita nyuma, siku alipoingia pale bila kujua anatafuta nini. Alimfundisha kungoja risasi iyeyuke na kung'aa kabla ya kuondoa mkono. Siku hiyo Nyamizi alitoa kapasita saba, akaweka saba nyingine zilizonyofolewa kwenye mashine iliyokufa, akasafisha ubao kwa mswaki na spiriti. Lufungulo akawasha.

Pii moja.

Wazee walipiga makofi. Mwalimu Mihayo alisimama mikono nyuma, akitazama herufi nyeupe zikipanda kwenye kioo cheusi, na uso wake ukawa wa kijana. Ubavuni mwa kompyuta palikuwa na karatasi iliyofifia: Mradi wa Maji, Chumba Na. 4. Kila mtu pale alijua maana yake. Mwalimu, kabla hajaenda kufundisha, alikuwa mmoja wa watu sita walioandika Mgawo wa kwanza, programu inayogawa maji kwa kila kijiji na kila koki. Mtaa aliokaa uliitwa kwa jina lake.

"Kumbe umo humu!" alisema Lufungulo kwa sauti ya chini. "Mwalimu, umo humu wenyewe, ule Mgawo wa mwanzo."

Wenzake walipokaa kunywa chai, Nyamizi alibaki kwenye kioo, akishuka na orodha ya vijiji mstari kwa mstari. Kila kijiji kilikuwa na namba mbele yake, lita zake za siku. Alishuka mpaka herufi ya I.

Itundwa, sifuri. Pembeni, kwa maneno ya mwandishi: *Ya muda tu. Weka namba halisi pampu ikishapimwa. M.M., Ijumaa.*

Aliusoma mstari ule mara tatu. Alisubiri kitu kimpande kifuani, hata hasira, hata kichefuchefu. Hakikupanda. Alichukua kikombe chake, akakuta chai imepoa, akainywa.

*

Kesho yake koki ya jikoni kwake ilifunguka yenyewe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikatoa lita thelathini na nne, ikajifunga. Wiki iliyopita zilikuwa thelathini na sita. Nyamizi hakujiuliza kwa nini zimepungua. Hakuna aliyejiuliza. Alikuwa amezifunga koki za aina hiyo kwenye nyumba za watu kwa miaka ishirini, na walipomuuliza alijibu kama alivyofundishwa: Mgawo umeona.

Kabla ya Mgawo watu walikatana mapanga visimani. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka minane, aliwahi kuona mtu akibebwa kwenye mlango uliong'olewa, kwa sababu ya ndoo mbili. Tangu Mgawo uanze, miaka arobaini na mmoja, hapakuwa na mtu aliyeuawa kwa ajili ya maji katika mkoa mzima. Hilo lilikuwa kweli, na hakulisahau.

Jumatatu mchana alimpitia Lufungulo, wakafungua chumba wao wawili. Kwenye kabrasha la pili la kompyuta ile walikuta ripoti ya pampu ya Itundwa. Ilikuwa ya Jumatatu, siku tatu tu baada ya ile Ijumaa. Maji yapo. Lita elfu arobaini na moja kwa siku. Hakuna aliyerudi kuiweka namba hiyo mahali pake.

Lufungulo alifungua na ripoti ya mwaka wa pili. Alisoma polepole, miwani puani, kisha akaivua.

"Unajua Mgawo unajifunza wenyewe," alisema. "Kila mwaka unatazama ulichofanya na kilichotokea. Kilichofaa unakishika. Sasa angalia. Itundwa ilipewa sifuri. Mwaka wa pili Itundwa hakuna anayelalamika."

"Hapakuwa na mtu."

"Hapakuwa na mtu. Na vijiji vya jirani vimepata zaidi. Kwa hesabu za mashine, hakuna uamuzi uliofaa kuliko huo nchi nzima. Ukaushika."

"Umejifunza kutokana na kosa."

"Haukujua ni kosa, Nyamizi. Nani aliuambia?"

Kila baada ya miaka michache Mgawo ulikuwa ukiona kijiji kingine cha kupewa sifuri. Ofisi ilibandika Tangazo la Kuhama, lenye maneno yale yale: ardhi imechoka. Malori yalikuja. Vilikwisha kuhamishwa vijiji kumi na kimoja, na hakuna aliyeweza kuingia ndani ya Mgawo akasoma sababu, kwa maana maandishi ya mwanzo yalikwisha kumezwa na mengine, na hayo na mengine tena. Cha kumi na mbili kilikuwa Kaselya. Tangazo lilikuwa limebandikwa wiki ile ile, likiwapa watu siku arobaini za kuondoka.

"Wewe ulitoka Itundwa," alisema Lufungulo. Haikuwa swali.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulipanda lori, mimi na kaka yangu. Mama alikataa. Alisema koki itafunguka tu, walioifunga si wendawazimu. Alibaki na wanawake watatu."

Lufungulo alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Walikwenda kuwachukua baada ya siku kumi na moja," alisema Nyamizi, na kufunika kompyuta kwa shuka.

Lufungulo alikuwa na jambo jingine, na alilisema akiwa ameshika kitasa cha mlango. Kila faili la zama zile lilikuwa na muhuri wake wa ndani. Ukifuta herufi moja, muhuri unavunjika, na Ofisi ya Mgawo itasema wazee wa posta wamepika mambo. "Huwezi kutoa M.M. ukapeleka mengine. Ni yote au hakuna. Na sheria unaijua, aliyeandika hujibu, awe mzima awe mgonjwa."

*

Jumamosi iliyofuata Nyamizi alimketisha Mwalimu Mihayo mbele ya kioo kabla wengine hawajafika. Hakumwambia ni nini. Mwalimu alivaa miwani, akashuka na kidole, akasimama hapo hapo.

"Mjinga gani huyu ameacha sifuri hapa?" aliuliza, karibu kwa furaha. "Huyu ningemrudisha darasani. Sikiliza, binti. Ukitaka kuacha pengo, acha pengo. Mashine itasimama, itakuuliza. Ukiweka sifuri, mashine inaamini. Sifuri ni jibu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ameandika 'ya muda tu'. Kamwandikia nani? Mashine haisomi maelezo ya pembeni." Kidole kikaendelea kulia, kikafika kwenye zile herufi mbili. Mihayo Masele. Alizitazama. Feni ya kompyuta ilikoroma, ikatulia.

"Hawa watu walikwenda wapi?" aliuliza mwishowe.

"Walihamishwa."

"Kuna waliokufa?"

"Wapo."

Hakumwambia ni nani. Mwalimu alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni ilipokuwa kalamu, akaitoa tena. "Ijumaa ile nilikuwa nawahi basi," alisema. "Mke wangu alikuwa amejifungua." Kisha akamgeukia, na macho yake yalikuwa makavu na yanaona vizuri kabisa. "Peleka. Leo hii. Na jina langu usilifiche."

Nyamizi hakupeleka siku hiyo. Alijiambia kwamba kompyuta haiwezi kusafiri bila kukazwa vizuri. Alijiambia mengine pia. Jumamosi ikarudi, naye akataka kulisikia tena neno lile kutoka kinywani mwake, awe na hakika. Alimketisha, akamwonyesha, na Mwalimu akasema yale yale juu ya mjinga na sifuri. Lakini alipofika kwenye herufi zile mbili aliziziba kwa kiganja.

"Nani mwingine ameona hii?"

"Mimi na Lufungulo."

"Nimefundisha miaka thelathini," alisema. "Watoto wa watu wananisalimia barabarani, mimi siwajui, wao wananijua. Ndicho nilichobakiwa nacho. Usinifanyie hivyo. Nakuomba, mwanangu." Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akalia kama watu wazima wanavyolia, bila kuficha uso.

Kabula, aliyekuja kumchukua mapema, alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza. Alimfuta baba yake, akamkalisha kwenye kiti cha nje, akamvuta Nyamizi hadi nyuma ya jengo.

Nyamizi alimweleza yote, kwa mpangilio, bila kuruka. Kabula alisikiliza mpaka mwisho.

"Wiki iliyopita alikwambia upeleke. Leo amekwambia usipeleke. Sasa dada, yupi ni baba yangu? Yule ulimkuta siku nzuri, saa moja. Huyu wa leo ndiye ninayemwogesha."

"Kaselya wamebakiwa na siku ishirini na saba."

"Mwache afe na jina lake. Ana mwaka, miaka miwili. Upeleke basi, akishazikwa."

"Malori hayatangoja, Kabula."

"Hata sauti yako haibadiliki!" Kabula alipiga ukuta kwa kiganja. "Unaongea kama koki. Mtu analia mbele yako, wewe unahesabu siku."

"Mama yangu alibaki Itundwa," alisema Nyamizi.

Kabula aliondoa kiganja ukutani. Kisha akasema polepole, "Kumbe ni kisasi."

Nyamizi alijitazama ndani kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta kitu alichoambiwa kimo mfukoni mwake. Hakukiona. Hapakuwa na kisasi, wala huruma ya kukishinda kisasi. Na hilo ndilo lililomtisha. Angekuwa na chuki, angejua asijiamini. Angekuwa na huruma, ingemwonyesha pa kukanyaga. Alikuwa na hesabu ya siku tu, na mkono uliokuwa bado una joto la mikono ya yule mzee.

Alitembea kwa miguu kurudi nyumbani, na njiani akatambua alichokuwa akifanya. Hakuwa akimwomba Mwalimu ruhusa. Alikuwa akitafuta mtu wa kumbebea mzigo, na amemchagua mtu asiyekumbuka alichopewa kubeba. Angeweza kumuuliza kila Jumamosi mpaka malori yaje. Hakumuuliza tena.

*

Kikao cha Kaselya kilifanyika kwenye baraza la shule, saa tano asubuhi. Kilikuwa kikao cha kuagana tu. Ofisi ya Mgawo hukifanya kila kijiji kabla ya malori. Nyamizi na Lufungulo walifika na bajaji, kompyuta imefungwa mablanketi katikati yao. Afisa aliyekuja, mwanamke wa makamo aliyejitambulisha kwa jina la Salustia, aliitazama mashine ile kama aliyeletewa mbuzi ofisini.

"Hiyo inafanya kazi?"

"Ipatie umeme tu," alisema Lufungulo.

Waliichomeka kwenye umeme wa jua wa shule. Ilipiga pii moja, na watoto wakacheka. Nyamizi alisoma mstari wa Itundwa, akasoma ripoti ya pampu, akasoma ripoti ya mwaka wa pili. Hakuongeza neno. Salustia aliweka kipimo chake juu ya kioo, kikatazama mihuri, kikawaka kijani. Mihuri mizima.

Mwanamume mmoja alisimama nyuma, kofia mkononi. "Kwa hiyo mama, ardhi yetu haijachoka?"

"Ya kwenu siijui," alisema Nyamizi. "Ya Itundwa haikuwa imechoka."

Salustia alikuwa ameketi, na alipouliza swali lake aliliuliza kwa upole, kwa kuwa alijua linavyouma. "M.M. ni nani?"

Watu mia tatu walimgeukia Nyamizi.

"Mihayo Masele. Ni mwalimu wangu. Ana ugonjwa wa kusahau. Nilimuuliza mara mbili. Mara ya kwanza alisema nilete, mara ya pili alisema nisilete." Alingoja afisa aandike. "Andika na hili: nimeleta mimi."

Hapakuwa na vigelegele. Tangazo lilisimamishwa kwa siku tisini, pampu za vijiji vyote kumi na viwili zipimwe kwa mikono ya watu. Wanawake wa Kaselya waliokota ndoo zao wakaondoka, wengine wakimtazama Nyamizi kama anavyotazamwa mtu aliyeleta habari za msiba, hata kama msiba umekwepwa.

Habari zilifika mjini kabla ya bajaji. Juma lile lile watu walianza kuuliza kwa nini lita thelathini na nne, kwa nini jirani arobaini. Katika mtaa wa pili kutoka kwake vijana wawili walichomana visu kwenye koki ya umma, na mmoja hakupona. Alikuwa wa kwanza katika miaka arobaini na mmoja. Nyamizi alikwenda mazishini. Alikaa na wanawake, akamenya viazi, na hakuna aliyejua kwamba ana sehemu yake katika kifo kile. Yeye alijua. Alimenya mpaka gunia likaisha.

Chamani wawili waliacha kuja. Lufungulo aliendelea kufungua mlango kila Jumamosi, wakakaa wawili na kompyuta iliyobaki bila diski, kwa kuwa diski ilichukuliwa na Ofisi. Wapelelezi walikwenda kwa Mwalimu mara tatu. Hawakupata mtu wa kujibu. Wakaandika jina lake kwenye gazeti la serikali kama sheria inavyotaka, na kibao cha mtaa kikang'olewa.

*

Ilikuwa mwezi wa tatu tangu kikao Kabula alipomfungulia Nyamizi mlango. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Aliacha mlango wazi, akarudi jikoni.

Mwalimu Mihayo alikuwa ameketi barazani kwenye jua la alasiri, blanketi magotini. Alikuwa amepungua sana. Alimtazama Nyamizi kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni ambaye mtu anaona haya kumuuliza jina.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, karibu ukae. Ulikuwa mwanafunzi wangu?"

"Nilikuwa."

"Nilikufundisha nini?"

"Kuchomelea. Kungoja risasi ing'ae."

Akacheka, akapendezwa na mwanafunzi aliyeshika somo. Walikaa. Jikoni Kabula alikuwa akiosha vyombo, sufuria zikigongana. Nyamizi alikuja na maneno, aliyapanga njiani, lakini sasa hakuona pa kuyaweka. Kumwomba msamaha mtu ni lazima kwanza umweleze, na kumweleza ilikuwa kumfanyia mara ya tatu.

"Na kwenu ni wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Itundwa."

Alilirudia jina lile kimya kimya, midomo ikicheza. Halikumpeleka popote. "Sijawahi kufika. Ni mbali?"

"Saa tatu kwa gari."

"Kuna maji?"

"Yapo, Mwalimu," alisema Nyamizi. "Lita elfu arobaini na moja kwa siku."

"Elfu arobaini na moja!" Aliinua nyusi. Alipiga hesabu kwa vidole juu ya blanketi, haraka haraka, akaridhika. "Hayo ni mengi. Hayo yanatosha kijiji kizima na mifugo. Basi watu wako hawajambo."

Jikoni sufuria zilinyamaza.

Nyamizi alifungua mdomo aitikie, kama mtu anavyoitikia salamu yoyote, na sauti haikutoka. Kitu kilikuwa kimepanda na kumkaa kooni, kikubwa, chenye moto, na hakujua afanye nini nacho. Mwalimu hakumharakisha. Aliinamisha kichwa upande, kama alivyozoea kumsubiri mwanafunzi anayejua jibu ila amechelewa kulitamka, na akaendelea kungoja.